Mwalimu Unayetaka Uzamili: Anza na Swali, Fomu Itafuata

Habari za kazi, walimu wenzangu. Kila vyuo vinapofungua dirisha la udahili, maswali ni yale yale: chuo gani rahisi, ada kiasi gani, mshahara utapanda? Nianze na hilo la mwisho tusije tukadanganyana. Kwa mwalimu wa shule ya serikali hapa Tanzania mwenye shahada ya kwanza tayari, cheti cha uzamili peke yake hakimpandishi daraja. Daraja linafuata muundo wa utumishi, tathmini ya utendaji na bajeti. Uzamili unaweza kukufungulia mlango wa ukufunzi wa chuo cha ualimu, udhibiti ubora wa shule, ofisi za elimu, hata kufundisha chuo kikuu kama alama zako zinabeba. Unaweza pia kubadilisha ufundishaji wako, ila kwa sharti kwamba uingie chuoni na swali lako mwenyewe mkononi.

Hatua ya 1: Tafuta swali darasani kwako

Hapa ndipo nitakapokaa sana, maana wengi wanaparuka. Chukua daftari la kawaida, muhula mzima andika kila mahali somo linapokwama. Usiandike "wanafunzi wavivu". Andika kilichotokea.

Mfano: Baiolojia Kidato cha Pili, unafundisha osmosisi. Umeweka kipande cha kiazi mviringo kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Baadaye kile cha chumvi kimelegea mpaka kinakunjika, mwenzake kimekakamaa. Unauliza kwa Kiingereza kwa nini. Mwanafunzi anakutiririshia fasili ya kitabu, neno kwa neno. Ukimfuatilizia, "Haya, maji yametoka wapi yakaenda wapi?" kimya. Uliza sasa kwa Kiswahili: "Yametoka kwenye kiazi, mwalimu, yamefuata chumvi." Kumbe wazo analo, na ni sahihi kwa sehemu kubwa, kilichomkwamisha ni lugha. Huyu kasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kaingia sekondari akakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza.

Hiyo tayari ni mada ya utafiti. Kazi iliyobaki ni kuibana. "Changamoto zinazokabili ufundishaji wa sayansi Tanzania" si mada, ni bahari (na nakuomba neno "changamoto" ulipumzishe kidogo, maktaba zetu zimeelemewa nalo). Jaribu hivi: "Jinsi wanafunzi wa Kidato cha Pili wanavyoeleza osmosisi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika shule mbili za kata". Mada hiyo unaweza kuimaliza ukiwa bado na nguvu.

Hatua ya 2: Kozi ifuate swali

Walimu wengi hukimbilia utawala wa elimu wakiuwaza ukuu wa shule. Kama swali lako ni la utawala, vizuri: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina MEMA (uzamili wa usimamizi na utawala wa elimu), na Chuo Kikuu Huria kina uzamili wa utawala, mipango na sera. Lakini swali la kiazi halina nyumba huko. Litafutie kozi ya mitaala na ufundishaji, au ya elimu ya sayansi.

Angalia pia mfumo. Kuna uzamili wa masomo ya darasani pamoja na tasnifu, na kuna wa tasnifu tupu. Kama hujawahi kufanya utafiti wa maana, tasnifu tupu itakutesa. Asiyetaka kuacha kituo cha kazi huangalia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Ila kusoma kwa masafa kunataka nidhamu. Hakuna wa kukugongea mlango. Chuo chochote utakachochagua, hakikisha kinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).

Hatua ya 3: Ruhusa ya mwajiri

Kwanza uwe umethibitishwa kazini. Pili, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa hiyo mweleze mkuu wa shule na ofisi ya elimu mapema, siyo wiki ya kufungua chuo. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inapitia kwa mkuu wa shule, ikiambatana na barua ya udahili. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Kuondoka kwa ruhusa ya mdomo usithubutu. "Mkuu anajua" haitakusaidia siku ukiandikiwa hati ya mashtaka ya utoro kazini, na kosa hilo linafukuzisha.

Hatua ya 4: Fedha

Piga hesabu ya ada, halafu ongeza nauli, uchapaji, vocha za intaneti na siku za kukusanya data. Uliza kama ada inalipwa kwa awamu. Mkopo wa SACCOS ni afadhali kuliko wa wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kadi ya benki.

Hatua ya 5: Vibali vya utafiti

Kupata data kuna mlolongo wake: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, ndipo ufike shuleni. Kuwa wewe ni mwalimu wa wilaya hiyo hiyo hakukuondolei mlolongo. Panga muda, maana likizo za Juni na Desemba wanafunzi hawapo, na karibu na mitihani ya taifa hakuna mkuu wa shule atakayekupa vipindi.

Hatua ya 6: Usisubiri joho

Ulichokisoma Jumamosi kijaribu Jumatatu. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni ni mahali pazuri pa kupima wazo lako mbele ya walimu wa somo hilo, na wana maswali makali kuliko jopo la chuo.

MASWALI YA WALIMU

Mwalimu, Kahama: Shikamoo mwalimu, ahsante kwa somo. GPA yangu ni 2.5. Ndio basi?

Marahaba. Si basi. Kiwango cha chini cha kuingia uzamili moja kwa moja ni 2.7 kwenye mizani ya 5. Chini ya hapo, pitia stashahada ya uzamili kwanza, ufaulu vizuri, ndipo uombe. Kiulize chuo husika kinataka alama gani kwenye hiyo stashahada kabla hujalipa hata senti.

Mwalimu wa kujitolea, Mbagala: Mkuu, mimi nina BSc ya Kemia, ualimu sikusomea. Niende uzamili wa elimu?

Anza na PGDE (stashahada ya uzamili ya elimu), kaka. Ndiyo inayokupa sifa ya ualimu. Uzamili bila hiyo utakuacha na cheti kikubwa huku ajira za ualimu zikikupita.

Madam, Songea: Naruhusiwa kuwafanyia utafiti wanafunzi wangu mwenyewe?

Inawezekana, dada, lakini kwa uangalifu. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu anayemsahihishia mtihani. Kwa hiyo mwenzako ndiye agawe dodoso, majina yasiandikwe, wazazi watoe ridhaa kwa walio chini ya miaka 18, na ieleweke wazi kwamba asiyeshiriki hapungukiwi alama. Yaandike yote hayo kwenye pendekezo la utafiti, jopo litakuuliza.

Mwalimu, Tanga: Msimamizi wangu hajibu. Nimemtumia sura tatu nzima, kimya mwezi wa pili huu.

Ndugu, sura tatu ni mzigo. Anaufungua, anaangalia kurasa, anaufunga. Tuma kurasa nne tu, na swali moja juu kabisa: "Je, sampuli hii inatosha kwa swali la pili la utafiti?" Swali la hivyo linajibika hata akiwa kwenye foleni. Weka kumbukumbu ya kila ulichotuma na tarehe yake. Kimya kikizidi, nenda kwa mratibu wa uzamili na kumbukumbu hizo, kwa adabu. Kubadilishiwa msimamizi siyo ugomvi.

Mwalimu wa Kiswahili, Pemba: Tasnifu lazima iwe ya Kiingereza?

Kwa kozi nyingi za elimu, ndiyo. Uzamili wa Kiswahili, mfano ule wa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Kama swali lako ni la ufundishaji wa Kiswahili na umedahiliwa kitivo cha elimu, ulizia lugha ya tasnifu kabla ya kusajili mada. Na hata ukiandika kwa Kiingereza, wahoji wanafunzi kwa lugha wanayoimudu, kisha maneno yao yaweke kama walivyoyasema, tafsiri ifuate chini yake.