Piki ya zamani, cheche ya buji zaifu: anzia wapi mbele ya kununua sidii

Hapa Goma piki ya zamani ikianza kusumbua kuwaka, kitu ya kwanza batu banakuambia ni "badilisha sidii", ile kisanduku ya elektroniki (CDI) yenye kutuma umeme ku bobini. Unashuka ku soko Birere, unalipa, unafunga, na cheche inabakia ile ile. Bamotari wenzangu, sidii njo kitu ya kushuku mwisho. Mara mingi umeme inapotelea mu njia, kati ya bobini (yenye kupandisha volti) na buji (plagi yenye kutoa cheche), ao ku masi (chuma ya piki mwenye umeme inarudilia), na pale kazi inaomba kisu na papiye emeri (msasa) tu.

Kwanza ujue kama cheche iko zaifu kweli. Towa buji, uirudishe mu antiparaziti (kofia ya buji), chuma yake uilalishe ku motere mahali hakuna rangi, mbali na tundu ya buji juu pale munatoka mvuke ya esansi na inaweza kulipuka, halafu piga kiki. Usikamate na mukono mutupu. Cheche ya muzuri ni ya buluu, nene, unasikia inalia ta! ta! kila kiki. Ikiwa ya manjano ao nyekundu, nyembamba sawa uzi, inaruka mara moja inakosa mara mbili, iko zaifu. Lakini hata ya buluu inaweza kukudanganya, juu inje hewa iko nyepesi, ndani ya silinda hewa imekandamizwa na cheche inaomba volti mingi zaidi ili iruke. Ukitaka ukweli, chomowa buji mu antiparaziti, tia musumari pahali pake, uikamate na pensi yenye mikono ya plastiki, kichwa ya musumari ikae karibu milimita 6 na chuma ya motere. Ikiruka pale bila kukosa, alimaji (njia yote ya kutengeneza cheche) iko sawa: jaribu buji mupya, ikikataa wende uangalie kabirateri. Usipanue sana kupita pale juu umeme ikikosa njia ya kutokea inaweza kutoboa bobini ndani.

Buji mupya iwe na nafasi 0,6 mpaka 0,7 mm, na uinunue kwa mutu unamwamini, za kuiga zimejaa.

Kama cheche hairuki ku musumari, anza na antiparaziti, na hapa nakuomba usikimbie. Piki yetu inakula vumbi nyeusi ya volkano, inatikiswa na mawe siku muzima, halafu jioni banaipeleka kuoshwa na maji ya nguvu. Maji inaingia mule, shaba ya fili (waya) inaoza. Zungusha antiparaziti, inafunguka ku fili sawa visi. Angalia ncha ya fili: shaba ikiwa kijani ao nyeusi, kata kidogo kidogo, nusu sentimita, mpaka uone shaba yenye kungaa, halafu funga tena kwa nguvu visi ya ndani iingie katikati ya shaba. Ukiwa na miltimetri pima antiparaziti yenyewe, nyingi ziko karibu kilo-omu 5. Ikionyesha makumi ya kilo-omu, ao haionyeshi kitu, tupa. Usiku upige kiki mahali pa giza, ukiona cheche ndogo ndogo zinatembea ku fili, fili imepasuka, umeme inatoka pale.

Kisha masi. Fungua visi ya bobini ku shasi, sugua kutu na rangi mpaka chuma inaonekana, funga. Fili ya masi ya motere pia.

Kitu batu benyi banasahau ni fili ya kuzimisha, ile inatoka ku kontakti (mahali pa ufunguo) na ku butoni ya gido (usukani). Ku Yamaha na Honda nyingi za zamani iko nyeusi yenye mustari nyeupe. Kontakti ikiingia maji, fili ile inapeleka umeme ku masi polepole na cheche inakosa nguvu. Ichomowe, piga kiki: cheche ikirudi, umepata mugonjwa. Ila hii ni kwa piki zenye alimaji ya volanti (gurudumu ya sumaku yenye kuzunguka na motere). Zenye kutegemea batri, pima batri kwanza.

Kama piki yako ni ya platine (meno mbili za chuma zenye kufungua na kufunga umeme, pahali pa sidii), safisha meno yake, na nafasi iwe 0,3 mpaka 0,4 mm ikiwa wazi kabisa. Meno yakiungua haraka tena na unaona moto mingi katikati yake, kondansateri (kifaa yenye kuzuia moto ile) imekufa, badilisha.

Bobini, upime wakati motere iko moto. Kuna zenye kuonyesha sawa asubuhi, halafu ukienda Sake na muzigo zinakatika. Ukiwa na rafiki mwenye piki ya namna moja, muombe ya kwake dakika kumi, jaribu. Baada ya pale njo unafungua volanti uangalie bobini ya ndani ku stateri (sehemu yenye kutoa umeme), na kwa kufungua tumia kifaa chake ya kuvuta, usipige nyundo juu sumaku zinapasuka. Vyote hivi vikiwa sawa na cheche bado zaifu, sasa jaribu sidii, na hata ile uazime mbele ya kulipa.