Kuwasilisha matokeo ya kamera za mtego (zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita) kwenye mkutano wa kisayansi wa TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania

Ukipewa dakika 15, zungumza 12. Zilizobaki ni za maswali. Slaidi kumi zinatosha, grafu moja kwa kila slaidi, maandishi yasipungue saizi 24.

Kabla ya matokeo, taja ukubwa wa kazi: kamera 40 kwa siku 60 ni siku-kamera 2,400. Bila hilo, picha 30 za chui hazisemi kitu. Huenda ni chui mmoja aliyezoea njia ile.

Ramani ndiyo yenye hatari. Usionyeshe vipimo vya GPS vya faru wala kakakuona: ukumbini watu hupiga picha slaidi, na jangili hahitaji zaidi. Badala yake, weka miraba ya kilomita 10 kwa 10.

Video hugoma kwenye kompyuta ya ukumbi. Beba nakala ya PDF kwenye flashi.