SOMO: Kuisaka mashine inayotuma spamu ndani ya ofisi

Barua pepe zenu zinagonga mwamba na kurudi na ujumbe unaotaja Spamhaus (shirika linaloweka orodha ya anwani zinazotuma spamu)? Usikimbilie kuomba IP yenu (namba ya anwani ya mtandao) itolewe kwenye orodha hiyo. Mashine yenye virusi ikiwa bado inatuma, mtarudishwa humo humo.

1. Pata spamu moja pamoja na vichwa vyake vyote (headers, mistari ya juu inayoonyesha barua ilikopita). Kila seva huongeza mstari wake wa "Received" juu ya mingine, kwa hiyo wa chini ndio wa kwanza, na ndio unaoghushiwa kirahisi. Amini ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji: humo imo IP iliyobisha hodi kweli. Kama si yenu, mtu katumia jina la domeni yenu tu. Rekebisha SPF na DMARC (rekodi za domeni zinazosema nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lenu, na asiyeruhusiwa afanyweje), hakuna wa kusakwa ndani.

2. Kama ni yenu, vizia poti 25 (namba ya mlango wa mtandao ambao barua hupitia). Hiyo ni ya seva kwa seva. Programu ya barua kwenye kompyuta ya mhasibu hutumia 587 au 465. Kwa rauta ya MikroTik, kanuni hii inaandika kwenye logi kila anayeipitia:

/ip firewall filter add chain=forward protocol=tcp dst-port=25 action=log

Ipandishe juu ya kanuni nyingine, la sivyo huenda isifikiwe. Kwa sababu ya NAT (rauta kubadili anwani za ndani ziwe moja ya nje), nje mnaonekana IP moja. Humu kwenye logi ndipo utaona IP ya ndani, ile ya 192.168, inayohangaika.

3. Tafuta IP hiyo kwenye DHCP Leases (orodha ya rauta ya IP ilizogawa), chukua MAC (namba ya kadi ya mtandao ya mashine), kisha uliza swichi iko kwenye tundu gani la waya. Halafu fuata waya. (Wekeni lebo kwenye nyaya jamani. Niliwahi kumaliza nusu siku juu ya dari.)

4. Ichomoe, isafishe. Kwenye kanuni ile ya poti 25 weka action=drop (tupa), ukiiruhusu seva ya barua peke yake. Sasa omba kutolewa.

MASWALI

– Mkuu, logi haionyeshi mashine yoyote ila seva ya barua, lakini spamu zinatoka.
Basi zinapitia seva yenu yenyewe, nywila ya mtu imeibwa. Kama seva ni ya Postfix (programu ya kutuma barua), hesabu sasl_username (jina la aliyeingia kutuma) kwenye logi ya barua. Jina linalotuma mamia saa nane usiku, badilisha nywila yake kabla hujafuta foleni.

– Simu za wageni wa WiFi je? MAC zinabadilika.
Usihangaike nazo. Wape VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile), funga poti 25 humo.

– Fundi, tuna matawi matano. SDN (mtandao unaoongozwa na programu moja ya kati) itaniepusha kuingia rauta moja moja?
Itakuepusha. Swichi hubaki kubeba pakiti, maamuzi yanahamia kwenye kontrola, hiyo programu ya kati. Kanuni ya poti 25 unaiandika mara moja, inashuka kote. Lakini kagua kama swichi zenu zinaelewa OpenFlow (lugha ambayo kontrola huzungumza na swichi), na amua mapema tawi litafanyaje likipoteza mawasiliano na kontrola. Mimi kwa matawi matano ningeandika skripti ya SSH (inayoingia rauta kwa mbali na kuweka amri) kwanza, huku najaribu SDN kwenye Mininet (programu ya kuiga mtandao). Laptopu moja inatosha, na ukiharibu hakuna bosi atakayepiga simu.