Somo: Kuweka Michoro kwenye Matangazo Mubashara bila Kuielemea Kompyuta

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaorusha mubashara mechi za Nangwanda Sijaona na Ilulu, harusi, mihadhara na minada ya korosho kwa kompyuta mpakato ya kawaida, ambao kila wakiongeza nembo au ubao wa matokeo picha huanza kukwama. Nitatumia OBS Studio, kwa kuwa ni programu ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Mara nyingi mchoro wenyewe si mzito. Kinacholemea ni kuiachia kompyuta, katikati ya matangazo, kazi ambayo ingemalizwa nyumbani kabla ya tukio.

Hatua ya kwanza ni kupima. Fungua dirisha la takwimu ndani ya OBS na usome mistari mitatu: fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizochelewa kuchorwa, ambazo huonyesha kuwa kadi ya michoro imezidiwa, fremu zilizorukwa wakati wa usimbaji, yaani kuibana video ili iweze kutumwa, ambazo huonyesha kuwa kinachoisimba video kimezidiwa, na fremu zilizopotea njiani, ambazo ni za mtandao. Asiyetofautisha haya matatu atafuta nembo isiyo na kosa lolote.

Hatua ya pili, weka turubai (eneo la kupangia picha ndani ya OBS) na video inayotoka vyote viwe 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde. Ukubwa wa 1920 kwa 1080 una pikseli 2,073,600, ilhali huu una 921,600, yaani chini ya nusu. Vipimo viwili vikilingana, OBS haihitaji kuipunguza picha tena kabla ya kuituma.

Hatua ya tatu, ondoa usimbaji kwenye prosesa. Katika mipangilio ya utoaji, badala ya x264, kisimbaji kinachotumia prosesa, chagua kinachotumia sehemu ya michoro: Quick Sync ikiwa una Intel, NVENC ikiwa una kadi ya NVIDIA, au kisimbaji cha AMD.

Hatua ya nne ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Nembo itakayoonekana kwa upana wa pikseli 200 ihifadhiwe ikiwa na upana huohuo, katika PNG yenye mandharinyuma angavu, yaani yanayoruhusu picha iliyo nyuma kuonekana. Faili la PNG laweza kuwa dogo kwenye diski, lakini likifunguliwa kila pikseli huchukua baiti 4, hivyo nembo ya 4000 kwa 4000 hula takribani megabaiti 64 za kumbukumbu hata ukiibana pembeni mwa skrini. Tena, vitu visivyobadilika, kama nembo, fremu ya pembeni na jina la tukio, viunganishwe kuwa picha moja. Matokeo ya mechi yawekwe kama maandishi yanayosomwa kutoka kwenye faili la kawaida: msaidizi akibadilisha namba na kuhifadhi faili, skrini hubadilika yenyewe.

Hatua ya tano, punguza vyanzo vya kivinjari. Kila chanzo cha aina hiyo huendesha ukurasa mzima wa wavuti ndani ya OBS, kwa injini ya Chromium, ileile inayotumiwa na kivinjari cha Chrome. Kikihitajika, kiwe kimoja, kiwe na ukubwa unaoonekana tu, na uwashe chaguo la kukizima kisipoonekana.

Mwisho, ongeza mchoro mmoja, rekodi dakika chache, rudia kusoma takwimu, kisha ongeza mwingine.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu haina kadi ya michoro ya pekee. Je, hatua ya tatu inanihusu?

Jibu: Marahaba. Inakuhusu sana. Quick Sync ilianza kuwekwa ndani ya prosesa za Intel mwaka 2011, katika zile zenye michoro ya ndani. Ukiiona kwenye orodha ya visimbaji, itumie.

Swali, kutoka Newala: Mwalimu, nataka bei za mnada zipite chini ya skrini. Nifanye hivyo bila kivinjari?

Jibu: Ndiyo, dada. Weka chanzo cha maandishi, kisha ukiongezee kichujio cha kusogeza. Epuka video ya WebM yenye mandharinyuma angavu kwa kitu kinachokaa hewani saa nzima, kwa sababu kwa kawaida ufumbuaji wake huangukia prosesa. Iache kwa vipande vifupi vya kubadilishia mandhari.

Swali, kutoka Mtwara mjini: Kaka, uwanja ukijaa matangazo hukatika, ingawa prosesa haifiki nusu. Niondoe ubao wa matokeo?

Jibu: Usiuondoe. Tazama mstari wa tatu wa takwimu: ukipanda huo peke yake, mtandao umebanwa na watu wengi wanaotumia mnara mmoja. Shusha kasi ya utumaji hadi kilobiti 2,500 kwa sekunde au chini kidogo.

Swali, kutoka Kilwa: Asubuhi kila kitu ni safi, mchana picha inaanza kuganda bila mimi kuongeza chochote. Kwa nini?

Jibu: Huenda ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue, na fremu za usimbaji huanza kurukwa. Weka kompyuta kivulini, inua sehemu ya nyuma ili hewa ipite chini, na iwe kwenye umeme wakati wote, kwa kuwa kompyuta nyingi zikitumia betri hupunguza nguvu zenyewe.