Jinsi ya kukutanisha wataalamu wa China na Marekani wakaongea kweli

Ukipewa kazi hii usianzie kwenye ukumbi na mabango, anza na watu. Tafuta ambao hawako serikalini ila wakipiga simu huko wanapokelewa, yani maprofesa, mabalozi wastaafu, majenerali wastaafu. Hii ndo inaitwa diplomasia ya njia ya pili, na ukiongeza maofisa walioko kazini waliokuja kwa nafsi zao inakuwa njia ya moja na nusu, hiyo ngumu zaidi maana ofisa anaogopa kunukuliwa. Kwa hiyo mapema kabisa watangazie kanuni ya Chatham House, ipo tangu 1927: uliyoyasikia yatumie, aliyeyasema usimtaje.

Viza usichelewe. Mchina anayeenda kongamano fupi Marekani kwa kawaida anaomba B-1, programu ya kubadilishana ni J-1, Mmarekani anayeenda China kwa ziara ya kitaaluma anaomba F na barua ya mwaliko iwepo.

Mada iwe nyembamba jamani. Ukiandika "mustakabali wa mahusiano" kila mtu atatoa hotuba mfukoni asome. Weka kitu kama akili mnemba na silaha za nyuklia, maana hapo kuna pa kushika, Novemba 2024 kule Lima Biden na Xi walikubaliana uamuzi wa kutumia silaha hizo ubaki mikononi mwa binadamu, sasa waulize wataalamu wako hilo litafanyikaje.

Alafu mkalimani, hapa ndo naona watu wanabana pesa vibaya sana. Tamko la pamoja la 1979, lile la China na Marekani kuanzisha uhusiano wa kibalozi, kwenye suala la Taiwan, Kiingereza kinasema Marekani "acknowledges" msimamo wa China kwamba Taiwan ni sehemu yake, yani imeusikia na kuuelewa, Kichina kikaandika "chengren" ambayo inaegemea kukubali kabisa, na neno hilo moja linabishaniwa mpaka leo. Kwa hiyo mtumie mkalimani karatasi zote mapema, ajue majina na istilahi, weka wawili wapokezane kama ni tafsiri ya papo kwa papo, na kama anasubiri mzungumzaji amalize basi ratiba yako izidishe mara mbili.

Mapumziko usiyabane hata kidogo, mtu atakwambia kwenye chai kitu ambacho mezani asingethubutu. Kituo cha Hopkins-Nanjing, cha pamoja kati ya chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na cha Nanjing cha China, kilichofunguliwa 1986, kinawalaza wanafunzi Mchina na Mgeni chumba kimoja, na mimi naona hapo walipatia. Kwako ni siku mbili tatu tu, basi panga viti vya chakula mwenyewe, wasijikusanye kwa nchi.

Na kabla hawajapanda ndege, tarehe ya mkutano wa pili iwe imeshaandikwa, safari hii upande wa pili ndo mwenyeji. Timu ya pingpong ya Marekani ilienda China Aprili 1971, Wachina wakarudisha ziara 1972, na watu walewale wakionana tena hawaanzi tena na salamu za kidiplomasia, wanaendelea pale walipoishia.