SOMO: Kumwangalia chura anavyopumua (someni kwanza, maswali baadaye)

Kila muhula watoto wa S2 (sekondari mwaka wa pili) wanakuja na lilelile, eti mwalimu katuma tuhesabu chura anapumua mara ngapi kwa dakika tulinganishe na mtu, tunaanzaje. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia link hii tu.

1. Mtafute jioni mvua ikikatika, kwenye mtaro au pembeni ya shamba la mayuni (magimbi).

2. Lowesha mikono na maji ya mvua. Sabuni hapana, losheni hapana, dawa ya mbu ndo kabisa. Ngozi yake ikiwa na unyevu inapitisha oksijeni mpaka kwenye damu, sasa na ulichopaka kidoleni kinapita hapohapo.

3. Kopo la plastiki unaloona ndani, maji yafike vidoleni tu, kifuniko utoboe. Weka kivulini.

4. Kuhesabu. Hapa ndo wengi wanaharibu kazi yote. Utaona koo linachezacheza haraka haraka bila kupumzika, na mtu anakimbilia daftari anaandika pumzi mia na kitu. Hapana! Ile hewa inaingia na kutoka mdomoni tu, haijafika kwenye mapafu. Pumzi ya mapafu ni tofauti: koo linashuka chini sana, hewa inaingia puani, ya zamani inatoka kwenye mapafu, halafu matundu ya pua yanafunga, koo linapanda kwa nguvu na hewa inasukumwa ndani, kama fundi wa baiskeli na pampu yake. Kwa hiyo macho yako yawe puani na ubavuni, usitazame koo peke yake. Pua ikifunga na ubavu ukicheza, hiyo ni moja. Inaweza kupita muda bila hata moja, usimtikise eti amekufa. Na TAFADHALI usimpanue mdomo "uone vizuri", mdomo ukiwa wazi ile pampu haifanyi kazi, atabaki kupumua kwa ngozi peke yake.

5. Sasa jishike tumbo na kifua uvute hewa. Wewe una kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) kinashuka, mbavu zinapanda, kifua kinatanuka, hewa inavutwa yenyewe. Chura hana kiwambo wala mbavu za kazi hiyo, ndo maana anasukuma. Ukipata panzi mwangalie tumbo, ana vitundu ubavuni, hewa inapita kwenye vijibomba mpaka ndani ya mwili, mapafu hana.

6. Mrudishe ulikomtoa, siku hiyohiyo. Nawa mikono, wengine wana sumu kwenye ngozi.

MASWALI

boda_wa_jinja: sasa jibu ni ngapi kwa dakika? nataka namba tu

Soma namba 4 hapo juu, uhesabu mwenyewe. Kukiwa na joto anaongeza, kukiwa na baridi anapunguza, na vyura si aina moja. Namba yangu itakusaidia nini?

nnalongo_mbale: Samahani mwalimu, akizama majini muda mrefu anaishije? Na watoto wake je?

Swali zuri dada. Chini ya maji anategemea ngozi, na hata akiwa nchi kavu hewa chafu ya kaboni nyingi inatokea kwenye ngozi. Viluwiluwi wana matamvua kama samaki, yanapotea wakigeuka vyura. Yule chura wa kucha anayekaa kwenye mabwawa yetu maisha yote bado anapanda juu kuvuta hewa, kaa kimya ukingoni utamuona pua zinatokeza sekunde moja tu. Na huko kisiwa cha Borneo yupo ambaye wanasayansi walitangaza mwaka 2008 kwamba hana mapafu kabisa, ila uchunguzi wa 2024 ukaonyesha anayo; anaishi kwenye mito ya maji baridi yanayokwenda kasi, yenye oksijeni nyingi.

mvuvi_kyoga: Mmamba naye ni hivyohivyo, akinasa kwenye nyavu asiweze kupanda juu anakufa maji, na ni samaki!

Kweli kaka, ana mapafu na matamvua yake ni madogo hayamtoshi. Watoto wa S2 andikeni hiyo, maksi za bure.

kijana_ntinda: Huu ni ukatili, kumfungia chura kwenye kopo

Umefika namba 6? Na kopo limetobolewa, lina maji, liko kivulini. Wanaompasua chura umewaambia nini?

mama_twins: Mwanangu anapotea kwenye kuhesabu

Arekodi na simu kwa slow motion, puani tu, flashi izimwe. Halafu ahesabu kwenye video taratibu huku chura ameshaenda zake.