Namna ya Kuchagua Begi la Ngozi la Begani kwa Bei Nafuu Jijini Mwanza

Mtu anayetafuta begi la ngozi la kwendea kazini, lile lenye mfuniko mpana na mkanda mrefu unaokatiza kifuani, kwa kawaida huanza kwa kutazama rangi na mng'aro. Namshauri aanzie pale mkanda unapoungana na begi. Hapo ndipo uzito wote unaponing'inia, ndipo begi linapovutwa abiria wanapobanana kwenye daladala za Igoma na Buhongwa, na ndipo mabegi mengi ya bei ya chini yanapokatika hata kama ngozi yake bado ni nzima. Shika kiungo hicho, kivute kwa nguvu ya kiasi, kisha fungua begi uone upande wa ndani. Begi lililoshonwa vizuri lina mshono wa mraba wenye mistari miwili inayokatizana katikati, aghalabu pamoja na ribiti (pini ya chuma iliyogongwa pande zote mbili), na kipande cha ziada cha ngozi kimeshonewa kwa ndani ili tabaka moja lisibebe mzigo peke yake. Ukikuta mstari mmoja tu wa uzi, au pete iliyoshikiliwa na utepe uliobandikwa kwa gundi, mrudishie muuzaji begi lake na uendelee kutafuta.

Baada ya hapo ndipo uikague ngozi. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hivyo kiwandani hupasuliwa kuwa matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, lina nyuzi zilizosongamana na ndilo linalodumu. La chini ni dhaifu zaidi, na mara nyingi hupakwa plastiki na kugandamizwa nakshi ya vinyweleo ili lifanane na la juu. Kuna pia bidhaa inayotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo muuzaji anaweza kuiita ngozi bila kusema uongo mtupu, lakini nyuzi zake ni fupi mno na hupasuka mapema kwenye mikunjo. Mwisho ipo ngozi bandia ya poliuretheni, ambayo katika joto na unyevu wa kandokando ya Ziwa Viktoria huanza kubanduka magamba, kwa kuwa unyevu huivunjavunja plastiki yenyewe taratibu, hata begi likiwa limetundikwa ukutani bila kutumika.

Harufu haitoshi kuwa ushahidi, maana hupuliziwa. Jaribio la kiberiti ambalo baadhi ya wauzaji hupenda kulionesha nalo halitoshi, kwa sababu rangi ya plastiki iliyopakwa juu ya ngozi halisi huungua vilevile. Mimi naamini ukingo. Tafuta mahali ambapo ngozi imekatwa bila kukunjwa, kama vile ncha ya mkanda, ukingo wa mfuko mdogo wa ndani au matundu ya bizimu, na upatazame kwenye mwanga wa jua. Ngozi halisi huonesha nyuzinyuzi zilizovurugika pande zote, ilhali ngozi bandia huonesha mistari miwili iliyotengana wazi, plastiki juu na kitambaa chini. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: ngozi yenye tabaka la juu hufanya mikunjo midogo isiyolingana kuzunguka kidole, na ukiachia hutulia polepole.

Kwa mwenye fedha kidogo, maoni yangu ni kwamba mtumba mzuri ni bora kuliko begi jipya la bei hiyohiyo. Pale kwenye soko la Mlango Mmoja, mwenye subira huweza kukuta begi la ngozi nzima ambalo limekwisha kutumika miaka kadhaa na viungo vyake bado vimeshikamana, jambo ambalo begi jipya haliwezi kukuthibitishia. Likunje mfuniko pale linapokunjwa kila siku: nyufa ndogo za juujuu huweza kutulizwa kwa mafuta, lakini ufa unaoonesha nyuzi kavu hautengenezeki. Ingiza mkono hadi kwenye pembe za bitana ukague unyevu na harufu ya ukungu. Zipu iliyoharibika isikukatishe tamaa, kwa kuwa fundi viatu huibadilisha kwa gharama ndogo. Itumie kupunguzia bei.

Njia nyingine ni kumpa fundi kazi. Omba kuiona ngozi kabla haijakatwa, na umwombe mkanda wote utoke sehemu ya mgongo, kwa sababu ngozi ya tumbo hulegea na mkanda wake hurefuka kadiri unavyobeba mzigo. Muulize pia ngozi imesindikwa kwa kutumia kitu gani. Iliyosindikwa kwa maganda ya miti, kama ya miwati inayopandwa Njombe, ni ngumu na hupendeza inavyozeeka, lakini hushika madoa ya maji. Iliyosindikwa kwa kemikali ya kromiamu ni laini na huvumilia mvua vizuri zaidi, na kwa mtu anayepanda bodaboda kuanzia Oktoba hadi Mei ningeichagua hiyo. Ngozi ya sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, ina nguvu kubwa kulingana na wembamba wake, ila vipande vyake ni vidogo na begi zima la namna hiyo hulazimika kuungwaungwa. Nadhani inafaa zaidi pochi.

Nenda na vitu utakavyobeba. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, na kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ina upana wa karibu sentimita 36, hivyo begi la sentimita 35 litakusumbua. Mkanda uwe na upana wa sentimita 3 au 4. Beba pia sumaku ndogo: pete au bizimu inayonasa ina chuma ndani, na chuma hushika kutu pale rangi ya juu inapochubuka.

Bei ipime kwa miaka. Tuseme begi la plastiki la shilingi 30,000 linadumu mwaka mmoja, na la ngozi la shilingi 90,000 linadumu miaka sita: kwa kila mwaka wa matumizi, la pili linakugharimu nusu ya la kwanza.

Likilowa, lijaze magazeti na ulianike kivulini, mbali na jua na jiko, kwani joto kali hulikausha na kulipasua. Lipake mafuta ya ngozi yasiyo na rangi mara chache kwa mwaka. Rangi ya viatu huchafua shati, na mafuta ya kupikia huchacha. Usilihifadhi ndani ya plastiki, bali ndani ya foronya ya pamba. Ukungu ukiota, ufute ukiwa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha liache begi wazi penye upepo siku moja au mbili kabla ya kulipaka mafuta tena.